Sura ya Saba: Balbu ya Nyuzi Mbili

Faili lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Kesho yake saa tatu asubuhi lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na hakuna mtu kituoni aliyemtuma Bwana Tena kulifungua. Alilifungua kwa hiari yake, kikombe cha chai mkononi, na chai ile ikapoa bila kunywewa kwa sababu ya mstari mmoja tu katika maelezo ya mshtakiwa.

Jina la Bwana Tena alibandikwa na wenzake, maana hakuna shahidi aliyewahi kukaa mbele yake asiambiwe, "Nieleze tena." Wapo waliomchukia kwa neno hilo. Mwizi mmoja wa nyaya alikiri kosa lake katika usimulizi wa nne, akasema wazi kwamba heri jela kuliko kuulizwa mara ya tano. Mpelelezi mwenyewe hakuwa na kelele wala vitisho. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye daftari dogo na kalamu aliyoifunga kwa uzi ili isipotee.

Kesi ilionekana nyepesi. Siku tisa zilizopita, saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ya rasharasha ikinyesha, mkunga wa zahanati alikuwa anarudi nyumbani na gari lake dogo la zamani. Alifunga breki kumpisha mama mmoja aliyekuwa anavuka barabara na mtoto mgongoni. Mama yule alivuka salama. Lori lililokuwa nyuma halikusimama. Mkunga alikufa pale pale, kabla watu hawajamtoa garini, na dereva wa lori alikutwa ameketi kwenye tope kando ya barabara, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Taa ya nyuma ya kushoto ilisagika. Ya kulia ilipasuka kioo tu, balbu yake ikabaki nzima. Mkaguzi wa kwanza aliichungulia balbu ile bila kuitoa, akaandika kwamba uzi wa breki umevutika, kwa hiyo taa ya breki ilikuwa inawaka, kwa hiyo dereva aliiona ama hakuwa anatazama mbele. Kazi ikaisha hapo.

Lakini dereva alikuwa amesema hivi: "Taa zake nyekundu zilikuwa zinawaka kwa nguvu mwendo wote, wala hazikubadilika."

Bwana Tena aliurudia mstari ule mara tatu. Mtu anayetaka kujinasua husema hakukuwa na taa kabisa. Huyu alisema zilikuwepo, na kali. Kama ni uongo, basi ni wa mtu asiyejua kudanganya. Akampigia simu fundi wa umeme wa uwanjani aitoe ile balbu, na baadaye akalibana faili kwapani, akateremka.

Uwanja wa vielelezo ulikuwa nyuma ya kituo, magari yaliyopondeka yamepangwa mistari, kila moja na namba yake ya chokaa. Fundi wa umeme wa magari aliyeajiriwa pale alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, anayeitwa Mama Nyaya hata na wakubwa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari la mkunga, ameingiza mkono mahali palipokuwa na buti.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka. "Ulinipigia simu saa mbili, sasa ni saa nne. Ningekuwa balbu ningeshaungua."

"Pole, mama. Umeitoa?"

"Haitoki. Ndiyo inayonishangaza. Balbu hizi unasukuma, unazungusha, inakuja yenyewe kama jino la mtoto. Hii imeng'ang'ania."

Akaizungusha polepole, akimumunya midomo, mpaka ikaachia. Akaipangusa kwa pindo la kanga aliyojifunga juu ya ovaroli, akaiinua kwenye jua. Kulikuwa na nyuzi mbili ndani, mmoja mnene na mmoja mwembamba, zote zimevutika na kulegea kama nyuzi za sweta lililofumuliwa.

"Zote mbili zilikuwa za moto gari lilipogongwa," alisema. "Uzi wa baridi hukatika, uzi wa moto huvutika. Huyo mkaguzi wenu hapo alisema kweli. Mwembamba ni wa taa ya kawaida ya usiku, mnene ni wa breki. Mnene umevutika, breki iliwaka. Sivyo?"

"Sivyo?" aliuliza Bwana Tena, maana alimjua mama huyu na maswali yake ya mtego.

"Ngoja kwanza. Tazama kitako chake. Hizi pini mbili za pembeni."

Mpelelezi akavaa miwani. Pini moja ilikuwa imesimama vizuri. Ya pili ilikuwa imebaki kidogo sana, imelainishwa mpaka inang'aa.

"Pini hizi hazilingani kimo," Mama Nyaya aliendelea. "Moja iko juu, moja chini. Wamefanya makusudi, ili mtu asiweze kuiingiza kinyume hata akiwa kipofu. Huyu aliyeiweka ilimkatalia. Badala ya kuigeuza, akaipiga tupa pini mpaka ikakubali."

"Ikiingia kinyume kunatokea nini?"

"Kazi zinabadilishana. Uzi mnene unakuwa taa ya usiku, mwembamba unakuwa breki. Jioni akiwasha taa tu, nyuma panawaka kama mtu kafunga breki. Akifunga breki kweli kweli, kinaongezeka kile kiuzi chembamba. Na mvua hiyo, na jioni hiyo, nani atakiona?"

"Magari mengine yana taa ya tatu, juu kwenye kioo."

"Hili la zamani. Halikuzaliwa nayo."

Bwana Tena akaandika yote daftarini. Halafu akasema, "Nieleze tena." Mama Nyaya akamtazama kwa jicho la kuchoka, akaeleza tena, neno kwa neno, na mara hii akaongeza jambo ambalo mara ya kwanza hakulisema: tupa iliyotumika ilikuwa ya meno madogo, na aliyeishika alikuwa mtu wa kazi. Mikwaruzo yote ilielekea upande mmoja. Hata vumbi la chuma lilikuwa limefutwa.

"Fundi wa kuungaunga angebana kwa koleo," alisema. "Huyu alifanya kosa kwa ustadi mkubwa."

Katika droo ya dashibodi mpelelezi alikuta karatasi ya onyo aliyopewa mkunga na askari wa barabarani wiki moja kabla ya ajali, kwamba taa zake zote za nyuma haziwaki. Chini yake palikuwa na boksi dogo la balbu. Ndani ya boksi, zikiwa zimeviringishwa katika kipande cha gazeti, zilikuwemo balbu mbili za zamani zilizoungua, nyeusi vioo. Kila moja ilifungwa karatasi ndogo kwa uzi, na juu yake maandishi ya penseli, herufi kubwa zilizosimama wima: KUSHOTO. IMEUNGUA. Na nyingine: KULIA. IMEUNGUA. Chini yake tarehe, siku nne kabla ya ajali.

*

Dereva wa lori alikuwa amekonda kwa siku tisa kama mtu aliyeugua miezi tisa. Alisimama mpelelezi alipoingia chumba cha mahojiano, akakaa alipoambiwa akae.

"Nieleze tena," Bwana Tena alisema. "Habari ya taa tu."

"Nimeshasema, afande. Hakuna anayenisikia."

"Mimi nakusikia."

Dereva akasogea mezani. "Nilimfikia pale kwenye daraja. Taa zake nyekundu zilikuwa kali. Nikapunguza mwendo, nikidhani anasimama. Hasimami. Tukaenda, taa zile zile. Nikajiambia, huyu ni wale wanaoendesha mguu ukiwa juu ya breki. Wapo wengi. Nikazizoea. Halafu ghafla gari likawa kubwa mbele yangu, na taa ni zile zile. Nilikanyaga mpaka nikasimama wima kwenye kiti."

"Ulikuwa umbali gani?"

"Karibu kuliko inavyotakiwa. Hilo sikatai. Lakini ningemwona, afande. Angenipa dalili yoyote, ningemwona."

Bwana Tena akaandika. Alipoinuka, dereva akauliza kwa sauti ya chini, "Yule marehemu aliacha watoto?"

"Hapana. Ameacha mume, na baba yake."

Dereva akainamisha uso. Alilia bila sauti, mabega tu yakicheza, na mpelelezi akasubiri mpaka amalize ndipo akamwita askari wa zamu.

*

Mume wa marehemu alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kukatia, cherehani mbili na vitambaa vimepangwa mpaka darini. Hakuwa akishona. Alikuwa amekaa, na mapajani mwake kulikuwa na gauni jeupe la kazi, mfuko wake umefumuka upande mmoja, sindano imechomekwa hapo hapo ilipoachwa.

"Pole sana kwa msiba, bwana fundi."

"Nimeshapoa, afande. Karibu ukae."

Bwana Tena akaweka boksi la balbu mezani. Fundi akalitazama, akaliweka gauni pembeni taratibu, akakunja mikono yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nilibadilisha balbu mimi. Nilikosea. Mniandike mimi, dereva wa watu aachiliwe."

Haikuwa kawaida ya Bwana Tena kukutana na mtu anayekiri kabla ya kuulizwa. Akafungua daftari. "Nieleze."

"Askari alimpa onyo. Nikanunua balbu, nikazitia. Zilikataa kuingia, nikabana pini kwa koleo. Zikaingia."

"Nieleze tena."

"Nilinunua balbu. Nikatia. Nikabana kwa koleo."

"Zile zilizoungua ulizipeleka wapi?"

"Nilizitupa."

Mpelelezi akafungua boksi, akazitoa mbili, zikining'inia kwenye nyuzi zake. Fundi akafumba macho.

"Pini haikubanwa kwa koleo, ilipigwa tupa," Bwana Tena alisema kwa upole. "Na hizi hazikutupwa. Zilikuwa garini kwa mkeo. Hebu niazime daftari lako la vipimo."

Alilifungua ukurasa wowote. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwandiko mdogo uliolala kama nyasi. Halafu akainua uso na kuutazama ukuta. Juu ya kila swichi mle dukani palikuwa na kipande cheupe cha utepe, na kila kipande kiliandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima: CHEREHANI. PASI. TAA. FENI.

"Umeme wa humu aliufunga nani?"

Fundi akazitazama swichi zile, moja baada ya nyingine. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Afande," alisema hatimaye, "nakuomba kama ndugu yangu. Yule mzee amebaki na nini? Mama mkwe alishatangulia. Mtoto alikuwa mmoja. Miaka arobaini alifunga umeme kwenye nyumba za watu, sasa macho yana mtoto wa jicho, hakuna anayemwita hata kubadilisha fyuzi. Binti yake aliposema anapeleka gari kwa fundi, mzee alikasirika. Balbu ni kazi yangu, akasema, utalipa watu na mimi niko hai? Siku ile alifurahi, afande. Sijamwona amefurahi vile tangu nimwoe mwanawe."

"Na wewe ulijuaje kuwa zimekosewa?"

"Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa nafunga geti nyuma yake. Nikaona nyekundu imezidi. Nikamwambia mke wangu, hizi taa hazibadiliki ukifunga breki. Akatazama, akacheka. Akasema usimwambie baba, utamvunja moyo. Jumamosi nitampitia fundi kimya kimya, baba asijue." Akaushika tena mfuko wa lile gauni. "Ajali ilikuwa Ijumaa."

Bwana Tena aliacha kuandika.

"Kila anayekuja kutoa pole," fundi aliendelea, "mzee anamwambia, angalau taa nilimwachia nzima. Akisema hivyo mimi natoka nje. Niandike mimi. Sheria si inataka jina tu?"

"Ingekuwa jina tu, ningekuandika," mpelelezi alisema. "Kesho mwendesha mashtaka atakuuliza pini ipi ulipiga, kwa nini, na ulisimama wapi. Utakwama kwenye swali la pili. Wakishaona wewe mwongo, balbu nayo itaonekana ya uongo, na yule dereva atabaki ndani. Hakuna atakayemfunga mzee kwa balbu, bwana fundi. Lakini maelezo lazima yatoke kwa mkono ulioiweka."

"Itamuua."

Bwana Tena akafunga daftari, akamwomba waende wote.

*

Mzee aliishi mtaa wa pili, nyumba ndogo iliyopakwa chokaa, mlangoni pana kengele ya umeme iliyoandikwa BONYEZA MARA MOJA. Mpelelezi akabonyeza mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Na huyo nyuma yako ni mkwe wangu, najua hatua zake. Kaeni."

Alikuwa mtu mdogo, msafi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa na ukungu wa kijivu. Juu ya kichwa chake, ukutani, lilikuwepo sanduku la fyuzi, na mpelelezi akasoma herufi zake bila kutaka: SEBULE. JIKO. CHUMBA CHA BINTI. Ile ya mwisho ilikuwa imezimwa.

"Mzee wangu, nimekuja kuhusu taa za gari."

Uso wa mzee ukachangamka kidogo, na fundi cherehani akageukia dirishani.

"Zile nilizifanya mimi. Zote mbili, kushoto na kulia. Nilimwambia mwanangu, kaa hapo uone baba yako anavyofanya kazi. Alinishikia bisibisi, akinitania kwamba nilipe fundi msaidizi."

"Nielezee ulivyoweka."

"Balbu ni balbu. Unasukuma, unazungusha. Nimeweka maelfu. Ila mimi nina utaratibu wangu: maandishi ya balbu lazima yatazame juu, ili atakayekuja kubadilisha asome bila kuhangaika. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu nikiwa kijana."

"Ziliingia bila shida?"

"Zilikuwa ngumu. Siku hizi vitu vinatengenezwa hovyo, pini zimepanda na kushuka kama meno ya mzee. Balbu ya nyumbani pini zake zinalingana, unaiweka upande wowote. Nikazipapasa, nikaona moja imezidi, nikailainisha kwa tupa. Zikakaa. Tena maandishi juu."

Kalamu ya Bwana Tena ilikuwa haiendi.

"Halafu mkajaribu?"

"Sasa fundi gani asiyejaribu? Nikakaa kwenye usukani, mwanangu akasimama nyuma. Nikawasha taa. Inawaka? Akasema, inawaka, baba. Nikakanyaga breki. Inawaka? Inawaka, baba."

"Ulipokanyaga breki, zile taa za kwanza ulikuwa umezizima?"

Mzee akafungua mdomo ajibu, akaufunga. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, na kidole gumba cha kulia kikaanza kupapasa ncha ya cha shahada, polepole, kama kinachotafuta kitu kidogo kilichoanguka. Mtu aliyekaa miaka arobaini na umeme hahitaji kuchorewa. Mpelelezi aliona jambo lile likimfika.

"Ina nyuzi ngapi?" mzee aliuliza.

"Mbili, mzee."

"Na pini zilizopanda na kushuka."

"Ndiyo."

Fundi cherehani alikuwa bado anatazama dirishani, mgongo umekakamaa.

"Ulijua?" mzee alimuuliza.

"Nilijua, baba."

"Ndiyo maana ulikuwa unatoka nje."

"Ndiyo, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akapapasa fimbo yake, akainuka. "Gari liko wapi?"

"Mzee, hakuna haja. Maelezo yanatosha kuandikwa hapa hapa."

"Sijamaliza kujaribu," mzee alisema. "Nipelekeni."

*

Mama Nyaya, aliyepigiwa simu mapema, alikuwa ameunga betri kwenye nyaya za taa ya kulia. Uzi uliovutika hauwaki sawasawa, kwa hiyo alitafuta balbu mpya ya aina ile ile, akaipiga tupa pini kwa kuiga, akaiingiza kinyume. Alipomwona mzee anakuja ameshikwa mkono na mkwewe, alivua kofia yake ya kazi.

Bwana Tena alitaka kumketisha mzee garini, kama alivyokaa siku ile. Mzee akakataa.

"Nilishakaa huko. Leo nasimama aliposimama yeye."

Akasimama hatua mbili nyuma ya mabati yaliyokunjamana. Alinyoosha mkono mara moja, akayagusa, akaurudisha. Fundi cherehani hakuweza kusogea zaidi. Alibaki kwenye safu ya magari mengine, ameegemea mlango wa gari asilolijua. Mpelelezi akajikunja mpaka akaenea kwenye kiti cha dereva, magoti yakigusa usukani. Kiti kilikuwa bado kimesogezwa mbele, kwa mtu mfupi.

"Washa," mzee alisema.

Bwana Tena akawasha. Ilimbidi aulize, bila swali jaribio halikuwa jaribio. "Inawaka?"

Jua lilikuwa limejificha nyuma ya wingu, na wekundu wa taa ile uliufikia uso wa mzee na shati lake jeupe. Hata macho yale yenye ukungu yaliuona.

"Inawaka," alisema.

"Nakanyaga." Akakanyaga breki. "Inawaka?"

Wekundu ule usoni kwa mzee haukuongezeka wala haukupungua.

"Inawaka," mzee alisema. Akasubiri, akakaza roho. "Tena."

Mpelelezi akaachia, akakanyaga.

"Tena."

Akakanyaga. Akakanyaga tena. Mama Nyaya aligeuka akajifanya anakagua betri, akijifuta macho kwa pindo la kanga. Mara ngapi walifanya vile, hakuna aliyehesabu. Mwisho mzee akainua mkono, mpelelezi akaacha kukanyaga.

"Niliuliza swali baya," alisema. "Niliuliza inawaka, naye akanijibu ukweli. Ningeuliza inaongezeka. Neno moja tu. Nimeuliza inawaka miaka arobaini, kwa sababu nyumbani hakuna swali lingine." Halafu akasema, si kwa mtu yeyote, "Mwanangu, nisamehe."

Fundi cherehani akaja. Akamshika mzee kiunoni, na mzee akamwegemea kwa uzito wake wote, wakalia pamoja mbele ya gari lile. Bwana Tena alibaki kwenye kiti, mguu ungali juu ya breki, na alitamani kuwa mahali pengine popote.

Maelezo yaliandikwa juu ya boneti ya gari la jirani. Mzee aliyasikiliza yakisomwa mpaka mwisho, akasahihisha mahali pawili: tupa yake ilikuwa ya inchi nne, si sita, na dereva wa lori asiandikwe kwamba alidai, aandikwe kwamba aliona. Kesho, alisema, atakwenda mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka, na kama yule dereva atakubali kuonana naye, angependa kumwomba radhi.

Ilibaki balbu yenyewe, ile iliyotoka kwenye gari. Mama Nyaya aliitia katika bahasha ya vielelezo, na mpelelezi akatoa kalamu aandike juu yake.

"Nipe mimi," mzee alisema. "Na penseli, kama ipo."

Mama Nyaya akachomoa penseli nyuma ya sikio lake. Mzee akailaza bahasha kwenye bati, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, moja baada ya nyingine: KULIA. HAIJAUNGUA. IMEWEKWA KINYUME. Akapumzika. Mpelelezi akadhani amemaliza, akanyoosha mkono. Lakini penseli ilirudi kwenye karatasi, ikaongeza chini, herufi zikitetemeka kwa mara ya kwanza: ALIYEIWEKA NI BABA.

Bwana Tena akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Alisoma mara moja tu, akatia sahihi yake chini, wala hakumwomba mzee amweleze tena.